Tupime Msaada kwa Kumtazama Anayesaidiwa

(Hotuba kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Sultan Hamud)

Mmeacha kazi za shamba kuja kutusikiliza, nasi hatutawachosha. Tunataka kuzungumza jambo moja tu, lakini tulizungumze mpaka lieleweke.

Jambo lenyewe ni hili. Katika vijiji vyetu kuna watu wenye ulemavu wa akili. Baadhi yao ni watoto walio katika darasa maalum la shule ya msingi. Wengine hulala katika bweni dogo karibu na shule, wakitunzwa na mama mlezi. Wengine ni watu wazima ambao shule imewaaga, wamerudi nyumbani, na mama zao wanazeeka. Vikundi vyenu huwakumbuka hawa. Mnapeleka gunia la mahindi, sabuni, magodoro, hata mabati. Hiyo ni kazi njema, na haba na haba hujaza kibaba.

Lakini kuna swali ambalo mara nyingi haliulizwi. Godoro tunaweza kulihesabu. Mabati tunaweza kuyahesabu. Je, msaada ambao mlezi anampa mtu huyu kila siku, kuanzia asubuhi mpaka jioni, tunaupimaje? Tutajuaje kama ni mzuri au ni mbaya?

Watu wengi husema hilo haliwezi kupimwa, ni mambo ya moyo. Sisi tunasema linaweza kupimwa, tena na ninyi wenyewe, kwa kalamu, karatasi na saa ya mkononi.

Tunamzungumzia nani?

Kwanza tuelewane. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote, wakati wowote, na unatibiwa. Ulemavu wa akili huanza utotoni. Mtu hujifunza polepole kuliko wenzake, na anahitaji kusaidiwa kuelewa mambo na kuyapanga. Mwingine anahitaji msaada kidogo, mwingine anahitaji msaada hata wa kula na kuvaa. Wako pia walio na mambo yote mawili, ulemavu na ugonjwa, na huo ugonjwa wapelekwe hospitali wakatibiwe kama watu wengine.

Sababu ni nyingi. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, aliyepata homa ya uti wa mgongo, au aliyepandwa na malaria kichwani, anaweza kubaki na ulemavu huu. Wengine huzaliwa nao, kama wale wenye hali ya Down. Si laana na si kosa la mama. Hakuna dawa ya kuuondoa, lakini kujifunza kunaendelea maisha yote, kama kuna wa kumfundisha.

Pia tuache majina ya kudharau. Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na kuitwa kwa namna isiyomshusha. Mtu ana jina alilopewa na wazazi wake. Hilo ndilo la kumwita.

Vipimo vitatu vinavyotudanganya

Tunapotembelea mahali watu hawa wanapotunzwa, huwa tunatazama mambo matatu. Tukiyaona ni mazuri, tunarudi nyumbani tumeridhika.

La kwanza ni jengo. Tunatazama kama ukuta umepakwa rangi, kama sakafu imefagiliwa, kama kuna tangi la maji. Haya ni mambo ya lazima, lakini hayatuambii mtu anaishije ndani ya ukuta huo.

La pili ni idadi ya wafanyakazi. Tunauliza, "Walezi ni wangapi?" Tukiambiwa watatu, tunafurahi. Basi sikieni mambo yaliyotokea kwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Andover, kusini mwa Uingereza, watu wazima wenye ulemavu mkubwa wa akili walitolewa katika hospitali kubwa wakahamishiwa nyumba za kawaida mtaani. Mtaalamu mmoja aitwaye Jim Mansell na wenzake hawakuuliza tu kama nyumba ni nzuri. Walikaa wakawatazama watu wenyewe, kila baada ya muda mfupi, wakiandika kila mmoja anafanya nini. Waliona kwamba wale wa nyumba ndogo walikuwa wakishughulika zaidi kuliko wale waliobaki hospitali. Kumbe hata mtu mwenye ulemavu mkubwa anaweza kupika, kufua na kwenda dukani akisaidiwa.

Lakini kadiri miaka ilivyopita, watafiti waliopima nyumba nyingine nyingi walikuta pia kwamba nyumba ndogo peke yake haitoshi. Ziko nyumba ndogo ambamo watu walikaa bure kama wale wa hospitali. Na kuongeza wafanyakazi peke yake hakukuleta tofauti kubwa. Mara nyingi wafanyakazi wakiwa wengi mahali pamoja huanza kuzungumza wao kwa wao. Kilicholeta tofauti ni jinsi mfanyakazi anavyomsaidia mtu aliye mbele yake.

La tatu ni makaratasi. Tunaonyeshwa cheti cha usajili, kitabu cha wageni, ratiba imebandikwa ukutani: saa mbili mazoezi, saa tatu ufundi, saa nne michezo. Lakini ratiba haifanyi kazi yenyewe. Huko huko Uingereza, karibu na mji wa Bristol, kulikuwa na hospitali ya binafsi iliyoitwa Winterbourne View. Ilikuwa na nafasi za wagonjwa 24 wenye ulemavu wa akili na wenye usonji. Kwa kila mmoja zililipwa kwa wastani pauni 3,500 kwa wiki. Ilisajiliwa na ilikaguliwa. Mwezi wa Mei 2011 runinga ya BBC ilionyesha picha zilizopigwa kwa siri, wafanyakazi wakiwapiga na kuwatesa wagonjwa. Muuguzi mmoja aliyefanya kazi pale alikuwa amekwisha kulalamika, na hakusikilizwa ipasavyo. Hospitali ilifungwa, na mwaka 2012 watu 11 walihukumiwa, 6 kati yao wakapelekwa jela.

Basi msidhani mambo haya ni ya huko tu. Mwaka 2018 shirika la Disability Rights International lilitoa ripoti juu ya Kenya. Lilieleza watoto wenye ulemavu waliofungwa kamba au kufungiwa ndani, katika makao yale yale walikopelekwa ili watunzwe.

Kwa hiyo, jengo zuri, walezi wengi na makaratasi safi havitoshi. Lazima tumtazame mtu mwenyewe.

Mgeni wa miaka kumi na tisa

Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi sote tunaijua methali hii. Hata mgeni, ukitaka ajisikie mtu wa nyumba, siku ya tatu unampa kazi.

Sasa tufikirie kijana wa miaka 19 mwenye ulemavu wa akili. Anaamshwa, anaoshwa, anavishwa nguo, analetewa uji, anakalishwa kwenye benchi kivulini. Saa saba analetewa muthokoi. Jioni anarudishwa ndani. Hakuna anayempiga. Ni msafi na ameshiba. Lakini hajapewa jembe hata siku moja. Amekuwa mgeni nyumbani kwao miaka 19!

Hapa ndipo penye shida yenyewe. Mtu akipigwa, jirani atasikia kelele. Mtu akikaa bure miaka kumi na tisa, hakuna kelele yoyote. Mikono inakosa nguvu, maneno machache aliyoyajua yanapotea, anaanza kujitikisa au kujiuma kwa sababu hana kingine cha kufanya. Halafu tunasema, "Mnaona? Huyu hawezi kitu." Na mama yake akifariki, ni nani atamchukua mtu ambaye hakufundishwa hata kushika kikombe?

Kwa hiyo kipimo chetu ni hiki: huyu mtu anafanya nini sasa hivi, na mlezi anafanya nini ili aweze kukifanya?

Jinsi ya kupima

Sisi watu wa Ukambani tunajua kupima. Kabla ya kuchimba matuta ya fanya juu, mwethya hauchimbi kwa kukisia. Unachukua kamba, unaweka kipimamaji katikati, watu wawili wanashika vijiti, na mstari unafuatwa. Tuta lililochimbwa bila kupimwa huonekana zuri mpaka siku ya mvua. Basi na hapa tupime hivyo hivyo.

Chagueni watu wawili wa kikundi, watulivu, wasiopenda maneno mengi. Waombe ruhusa kwanza kwa msimamizi wa mahali hapo, na kwa mtu mwenyewe atakayetazamwa. Kama hawezi kusema, waulizwe wazazi, na uso wake utazamwe. Akionyesha kuchukia wageni, wamwache, wajaribu siku nyingine. Wasiende na soda, wala kamera, wala hotuba. Mahali penye sherehe hapapimiki.

Wakae pembeni saa moja. Kila baada ya dakika tano wamtazame mtu yule mara moja tu, kama kufumba na kufumbua, waandike. Katika saa moja ni mara 12. Kila mara wanaandika majibu ya maswali mawili:

1. Je, anafanya jambo lenye maana? Kwa mfano kula kwa mkono wake, kuosha kikombe, kupukuchua mahindi, kulisha kuku, kuvaa, kucheza na mwenzake, kuimba, kuzungumza. Kukaa tu, kungoja, kuzungukazunguka, kujitikisa au kusinzia mchana hatukuhesabu.

2. Je, kuna mlezi anayemsaidia au anayezungumza naye?

Ndiyo inawekwa alama, hapana inawekwa sufuri. Basi, si kazi ya chuo kikuu.

Warudie saa nyingine: asubuhi wakati wa kuamka, wakati wa chakula, na jioni. Saa moja peke yake inaweza kudanganya. Labda ni saa ya kupumzika, na kila mtu ana haki ya kupumzika.

Baadaye someni alama zenu hivi:

Akiwa anafanya jambo na mlezi yuko naye, huo ndio msaada tunaoutafuta.

Akiwa anafanya jambo na mlezi hayuko, msikimbilie kulalamika. Pengine amekwisha kuweza mwenyewe, na mlezi yuko kwa mwingine anayehitaji zaidi. Hilo ni jema.

Akiwa hafanyi kitu ingawa mlezi yuko naye, tazameni sana. Huenda mlezi anamfanyia kila kitu, au anamwambia tu "kaa chini", "nyamaza", "acha".

Akiwa hafanyi kitu na hakuna mtu naye, hiyo ni dakika tupu. Zihesabuni. Tuseme yule kijana wa benchi mmemtazama mara 12, na mara 10 ni sufuri kwa sufuri. Hapo mnajua jambo ambalo jengo halikuwaambia.

Ngazi ya msaada

Mtatuuliza, sasa mlezi afanye nini? Akimwacha kijana apeleke uji mdomoni peke yake, uji wote utamwagika!

Ni kweli. Ndiyo maana msaada una ngazi, na mlezi mzuri anajua kupanda na kushuka. Kwanza anampa nafasi na kungoja kidogo. Akishindwa, anamwambia kwa maneno machache: "Shika kijiko." Akishindwa bado, anamwonyesha kwa kidole. Halafu anamfanyia mfano, aone. Mwisho anaweka mkono wake juu ya mkono wa kijana, wanashika kijiko pamoja. Kesho anajaribu kuuondoa mkono kidogo. Mlezi anayeruka moja kwa moja na kumlisha ni mwenye huruma, lakini amemnyang'anya jembe. Na mlezi anayesema "ale mwenyewe" halafu akaenda zake, huyo hakusaidia.

Kazi kubwa igawanywe vipande vidogo. Kuchota maji kwa punda ni kazi ya hatua nyingi, lakini kushika kamba ya punda ni hatua moja. Kuosha sufuria ni kazi, lakini kumimina maji ni hatua moja. Mtu mwenye ulemavu mkubwa anaweza kuanza na hatua moja, dakika mbili, mara nyingi kwa siku. Wataalamu wa njia hii wanasisitiza hivyo: kidogo kidogo, tena mara kwa mara. Na kila wakati una nafasi yake. Kuamka, kuoga, kula, kufagia, yote haya ni masomo. Hatungoji mpaka mwalimu wa ufundi aje na cherehani.

Tazameni pia kama anapewa nafasi ya kuchagua. Je, anaulizwa kama anataka chai au uji? Je, anaonyeshwa shati mbili achague? Ana nguo zake mwenyewe, au asubuhi zinachotwa kutoka rundo moja? Anaogeshwa penye pazia, au uwanjani mbele ya watu? Mambo haya hayahitaji pesa, na ndiyo yanayoonyesha kama mlezi anamwona ni mtu.

Tumwulize mwenyewe

Mtu anayesaidiwa ndiye shahidi wa kwanza. Wengi wanaweza kueleza kama tutatumia maneno mepesi na kungoja jibu. Msimwulize mbele ya mlezi wake. Na mjihadhari: wengi wamezoea kumpendeza mkubwa, wanajibu "ndiyo" kwa kila swali. Mwulizeni, "Unapenda kukaa hapa?" Baadaye mwulizeni, "Unataka kuondoka hapa?" Akijibu ndiyo kwa yote mawili, tumieni njia nyingine: awaonyeshe mahali anapopenda kukaa, mtu anayependa kuwa naye.

Asiyesema kabisa, husema kwa mwili. Mlezi fulani akiingia, je, uso unafunguka, au anajikunja na kufunika kichwa? Waulizeni pia mama yake au dada yake, maana wao wanaijua lugha yake.

"Lakini barabara ni hatari"

Hapa Sultan Hamud tunaijua barabara ya Mombasa. Malori hupita usiku na mchana. Walezi watawaambia, "Tunafunga geti kwa sababu ya malori." Sababu hiyo si ya uongo. Hakuna anayetaka mtoto akanyagwe.

Lakini tuulize swali la pili: je, kuna siku ambayo geti linafunguliwa na mtu anatoka pamoja na mlezi kwenda sokoni, kanisani au kwa rafiki? Je, anafundishwa kusimama, kushika mkono, kutazama pande zote mbili? Geti linalofungwa usiku na wakati mlezi ana kazi nyingi ni ulinzi. Geti lisilofunguliwa mwaka mzima ni gereza, hata kama aliyelifunga ana nia njema. Kwa hiyo katika karatasi yenu ongezeni mstari mmoja: mwezi huu ametoka mara ngapi, na alikwenda wapi?

Hapa vikundi vinaweza kusaidia bila hata shilingi. Siku ya mkutano wenu, mwiteni akae nanyi. Siku ya mwethya, apewe kazi yake, hata kama ni kugawa maji ya kunywa.

Mlezi naye apimwe kwa haki

Jamani, tusiwe watu wa kunyoosha kidole. Kazi ya mlezi ni nzito. Kabla ya kumhukumu, mwulizeni: Usiku uko peke yako na watoto wangapi? Mara ya mwisho ulipata siku ya kupumzika lini? Mshahara umefika? Nani alikufundisha kazi hii? Mlezi mmoja aliye na watoto kumi na watano usiku kucha hawezi kutoa msaada mzuri, hata awe na moyo wa dhahabu. Tulisema kuongeza watu peke yake hakutoshi. Hatukusema mtu mmoja anatosha.

Tazameni pia msimamizi. Watafiti wameona kwamba msaada huwa bora mahali ambapo kiongozi hakai ofisini tu. Anakwenda kuwatazama walezi wakifanya kazi, anawasifu kwa jema, anawaonyesha njia bora pale pale, na anakaa nao kila mara kuzungumza. Mlezi ambaye hakuna anayemtazama wala kumshukuru huchoka, halafu huanza kufanya lile la haraka.

Serikali ina Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986, inayofundisha walimu. Lakini mama mlezi wa bweni mara nyingi hana mafunzo yoyote. Kikundi kikiwa na pesa kidogo, pengine kumlipia nauli na mafunzo ya siku chache ni bora kuliko kupaka ukuta rangi tena.

Na nyumbani je?

Mkakati wa serikali wa mwaka 2022 hadi 2032 juu ya malezi unataka watoto watoke katika makao walelewe ndani ya familia. Ni jambo jema. Lakini maana yake ni kwamba mlezi atakuwa mama, nyanya au dada, asiye na mshahara wala likizo. Nyumbani hatuendi na karatasi ya alama kama wakaguzi. Tunakwenda kama majirani, tunauliza: Mama, unapumzika saa ngapi? Ni kazi gani mwanao anaweza kuanza kujifunza? Nani atakaa naye wewe ukienda kliniki?

Kama ameandikishwa kupata pesa za Inua Jamii kwa ajili ya ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi, tuulize kwa upole kama zinamfikia yeye: kwa chakula chake, dawa zake za kifafa, viatu vyake. Vikundi vinaweza kupanga zamu, leo mama huyu, kesho yule, ili mama apate nusu siku. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mambo ambayo hayangoji kuhesabiwa

Yako mambo ambayo mkiyaona, acheni karatasi. Mtu aliyefungwa kamba au mnyororo. Aliyefungiwa chumbani. Mwenye majeraha yasiyo na maelezo. Anayepewa dawa za kumlaza ili asisumbue. Dalili za kunajisiwa. Siku hiyo hiyo nendeni kwa chifu na polisi. Kama ni mtoto, mwelezeni afisa wa watoto, au pigeni simu ya bure 116. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu nalo lina maafisa katika kaunti. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu iliyopitishwa mwaka 2025, ikachukua nafasi ya ile ya 2003, iko upande wa mtu huyu. Msikubali kuambiwa "tumalize wenyewe kwa wenyewe".

Kurudisha majibu

Mkimaliza kupima, yale mliyoyaona si ya kusimuliwa ndani ya matatu. Kaeni na walezi na msimamizi. Anzeni na mliloona jema. Halafu wekeni karatasi mezani: "Tulimtazama mara 12. Mara 10 alikuwa hana la kufanya. Mnaonaje, tuanze na jambo gani?" Waacheni walezi wenyewe waseme. Chagueni jambo moja au mawili tu, kwa mfano kila mtoto aoshe kikombe chake. Baada ya miezi mitatu rudini, mpime saa zile zile. Kama 2 imekuwa 5, pigeni makofi. Kama imebaki 2, ulizeni kilichozuia. Hapo ndipo mtajua mchango unaofuata uwe wa nini. Msinunue mabati kabla hamjajua kama kinachokosekana ni mabati.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni nani mwenye ulemavu wa akili ambaye hatujamwona nje mwaka huu?
2. Kikundi chetu kilipotoa msaada mara ya mwisho, tulitazama nini? Tulimtazama mtu, au tulitazama jengo?
3. Ni kazi gani tatu ndogo katika boma zetu ambazo mtu kama yule kijana anaweza kujifunza?
4. Nani wawili kati yetu watakwenda kuomba ruhusa ya kupima, na lini?
5. Ni mama gani anahitaji zamu, na nani ataanza?

Ndugu zetu, hatukuja kuwaongezea mzigo. Mchango mmekuwa mkiutoa, na mtaendelea kuutoa. Tunachowaomba ni saa moja ya kukaa kimya na kumtazama mtu mmoja, na ujasiri wa kuandika mlichokiona. Lile swali la nne, tunaomba kila kikundi kilijibu leo kabla ya kuondoka, na katibu aandike majina mawili.